Pesa Ilikuwepo, Ila Ilikuwa Haijafika

Siku ya tisa tangu nifike nilikaa kwenye ngazi za bweni, mfukoni nina kadi tatu na sarafu za kutosha tiketi moja ya basi. Kadi ya kwanza ilikuwa ya benki ya nyumbani, nayo ilikuwa inasubiri namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye laini ambayo huku haishiki mtandao. Ya pili ilikuwa ya benki mpya, bado imelala, kwa sababu barua yenye namba ya siri ilikuwa njiani kwa posta. Ya tatu ilikuwa kitambulisho cha maktaba. Na ungefungua daftari langu la hesabu ungekuta kwamba siku hiyohiyo nilikuwa mtu mwenye fedha za kuishi muhula mzima bila kukopa.

Ngazi zile hunijia kila ninapopata ujumbe kutoka kwa mtu aliyekubaliwa kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi. Swali huwa lilelile: niende na kiasi gani? Si swali baya. Lakini kiasi utaambiwa na chuo, utaambiwa na ubalozi, utaambiwa na kila aliyetangulia. Nisichoambiwa mimi ni kwamba fedha za mwanafunzi wa aina hii zina kalenda yake, na madeni yana kalenda yake, na kalenda hizo mbili hazisalimiani. Gharama hutangulia, fedha hufuata nyuma zikitweta. Wengi niliowaona wakihangaika wiki za mwanzo hawakuwa maskini. Walikuwa wanasubiri.

Nchi niliyokwenda sitaitaja. Nimelinganisha na wenzangu waliokwenda kwingine, na hadithi zetu zinafanana mno.

Tuanze na neno "bure", maana ndilo lililonidanganya mapema. Kwenye mipango mingi ya kubadilishana, chuo cha ugenini hakikutozi ada ya masomo. Unaendelea kulipa kwenu, na anayetoka kule kuja kwenu naye analipa kwao. Erasmus, mpango wa Ulaya ulioanza mwaka 1987, umeliweka jambo hili kimaandishi: chuo kinachokupokea hakiruhusiwi kukudai ada ya masomo, usajili, mitihani, maabara wala maktaba. Halafu kanuni zinaendelea kusema kwamba tozo ndogondogo, kama za bima au chama cha wanafunzi, zinaruhusiwa mradi mwanafunzi mwenyeji naye anazilipa. Mkataba wangu haukuwa wa Erasmus, lakini uliandikwa kwa mtindo huohuo. Sentensi ya kwanza niliisoma mara tatu kwa furaha. Ya pili niliiruka.

Basi nikafika dirishani kuchukua kitambulisho, nikaambiwa nilipe kwanza mchango wa muhula. Bila mchango hakuna kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna nauli ya mwanafunzi, hakuna funguo za bweni, hakuna hata kuchapisha karatasi. Wahenga walimvumilia mgeni siku mbili ndipo wakampa jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa palepale dirishani, begi bado liko mgongoni.

Daftari la wakati ule bado ninalo, na ukurasa wa wiki sita za mwanzo umechakaa kuliko mwingine wowote. Siku ya kwanza: mchango wa muhula. Siku ya pili: kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dhamana ya chumba, na dhamana yenyewe ilikuwa sawa na kodi ya miezi miwili, kwa hiyo siku hiyo moja nilidaiwa kodi ya miezi mitatu. Siku ya nne: bima, muhula mzima kwa mkupuo. Siku ya tano: picha za pasipoti. Nilikuja na picha nane kutoka nyumbani, zote za kipimo kisichokubalika kule. Siku ya sita: ada ya kibali cha kuishi. Shuka, mto, sufuria, taa ya mezani, laini ya simu. Tarehe 23 nikanunua tiketi ya mwezi ya basi, nikajiona mjanja, mpaka nilipogundua kwamba "mwezi" kwao ulikuwa mwezi wa kalenda. Ilikufa baada ya siku nane. Bado inaniuma.

Nilipojumlisha, wiki hizo sita zilikuwa zimekula karibu nusu ya fedha za miezi mitano. Na ufadhili wangu ulikuwa haujaingiza hata senti. Masharti yalisema fungu la kwanza litatolewa baada ya cheti cha kuwasili kusainiwa na ofisi ya chuo kinachonipokea. Afisa anayesaini alikuwa likizo. Aliporudi akasaini, nikakipiga picha na kukituma, nikajibiwa kwamba picha haitoshi, wanataka nakala iliyoskaniwa yenye muhuri unaosomeka. Pesa iliingia wiki ya saba.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza kuhusu kiasi, namrudishia maswali. Malipo ya kwanza yanafunguliwa na karatasi gani? Karatasi hiyo inasainiwa na nani? Na huyo mtu, mwezi utakaofika wewe, atakuwa kazini? Swali la tatu watu hulicheka. Lakini mihula mingi huanza wakati ofisi ndiyo kwanza zinarudi likizo, na foleni ya kusainiwa ina wageni mamia.

Upande wa mwisho nako kuna mtego kama huo. Kwenye Erasmus, kwa mfano, sehemu kubwa ya ruzuku hutolewa mwanzoni na salio hubaki mpaka mwanafunzi awasilishe ripoti yake ya mwisho. Kwa hiyo aliyepanga kulipia mwezi wa mwisho kwa salio hilo anapanga kwa fedha atakazozipata akiwa ameshaondoka. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo. Wiki mbili za mwisho aliishi kwa ukarimu wa jikoni la bweni, na kusema kweli tulimcheka zaidi ya tulivyomsaidia.

Ujerumani wana utaratibu ambao wengi huulalamikia, nami niliulalamikia pia nilipousikia. Mwombaji wa viza ya masomo, kama hana ufadhili au mdhamini, huweka fedha za kujikimu kwenye akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka. Ukifika, benki haikupi zote. Inakuachia yuro 992 kila mwezi, basi. Unaweza kuona ni kutoaminiwa. Lakini baada ya muhula wangu nimeanza kuuheshimu ule mgawo wa kila mwezi, kwa sababu unamlinda mtu na nafsi yake ya mwezi wa pili, ile inayoona salio nono na kusahau kwamba mwezi wa tano upo. Ubaya wake ni uleule wa kalenda: mwezi wa kwanza hauji peke yake, unakuja na dhamana, bima na vyombo, na mgawo sawa kwa kila mwezi haujui hilo. Anayekwenda huko anahitaji akiba nyingine nje ya akaunti ile.

Akiba hiyo mimi naiita fedha ya kutua. Iwe kando, isichanganywe na bajeti ya mwezi, na itoshe wiki sita kana kwamba hakuna mtu yeyote atakayekutumia chochote. Ukiipanga, anza na tarehe, kiasi baadaye. Chora safu mbili, moja ya siku fedha zinapotoka na nyingine ya siku zinapoingia, halafu utazame mahali safu ya kwanza imejaa na ya pili ni nyeupe. Hapo ndipo utakapokaa kwenye ngazi.

Sasa turudi kwenye kadi zangu tatu, maana zile mbili za kweli zilikuwa na hadithi tofauti.

Benki mpya ilikuwa duara. Bweni lilitaka kodi ilipwe kutoka akaunti ya benki ya humo nchini. Benki ilitaka uthibitisho wa anwani. Ofisi ya anwani ilitaka mkataba wa chumba uliokamilika. Mkataba haukamiliki mpaka kodi ya kwanza ilipwe. Nilizunguka siku tatu nikiwa na faili langu la plastiki, kila dirisha likinielekeza dirisha linalofuata kwa adabu kubwa. Aliyenitoa humo alikuwa jirani wa chumba cha pili, aliyefika muhula mmoja kabla yangu. Aliniambia ofisi ya wanafunzi wa kigeni inatoa barua moja inayosema "huyu ni wetu, anakaa hapa", na benki inaikubali. Ilikuwepo muda wote. Hakuna dirisha lililoona haja ya kuitaja kwa sababu hakuna dirisha nililoliuliza hivyo.

Kadi ya nyumbani kosa lilikuwa langu. Benki ilikuwa ikithibitisha kila malipo ya mtandaoni kwa namba inayotumwa kwenye laini yangu ya zamani, na laini ile sikuiwezesha kutumika nje kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo pesa ilikuwa yangu, jina langu, saini yangu, na mlango umefungwa kwa ufunguo nilioacha upande wa pili wa dunia. Kabla hujaondoka, hamisha uthibitisho kutoka ujumbe mfupi kwenda kwenye programu ya benki kama ipo, au hakikisha laini inapokea ujumbe ukiwa nje. Angalia pia tarehe ya kadi kuisha. Kadi inayokufa katikati ya muhula hutengenezewa nyingine inayopelekwa tawini kwenu, nawe hupo. Na kadi mbili zisikae pochi moja. Hili nadhani kila mama analijua, sisi ndio tunaolisahau.

Siku ya kumi, baada ya kuona aibu imeshindwa na njaa, nilimpigia dada yangu. Akatuma siku hiyohiyo kwa benki. Ikachukua siku nne, na ilipofika haikuwa nzima.

"Dada, imefika, ila imepungua."

"Imepungua vipi? Mimi nimelipa na gharama ya kutuma."

"Wamekata njiani."

"Njiani wapi? Kwani imepanda basi?"

Nilicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Watu tunasema "nimetuma kwa SWIFT" kana kwamba SWIFT ni gari la kubebea noti. Chombo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1973 na chenye makao yake Ubelgiji, hakibebi pesa hata kidogo. Kinabeba ujumbe baina ya mabenki. Pesa yenyewe husogea kwa mabenki kurekebisha hesabu walizonazo wao kwa wao. Kama benki ya dada na benki yangu hazina hesabu ya pamoja, hutafutwa benki ya kati inayofahamiana na zote mbili, wakati mwingine zaidi ya moja, na kila benki ya kati inaweza kuchukua chake. Hilo ndilo basi la dada, na makondakta wake.

Kwenye fomu ya kutuma kuna mahali penye herufi tatu ambapo wengi huacha karani ajaze. OUR maana yake mtumaji analipa makato yote. SHA maana yake wanagawana: mtumaji analipia benki yake, na yanayokatwa mbele yanatoka kwenye pesa yenyewe. BEN maana yake mpokeaji anabeba yote. Fomu ya dada ilikuwa SHA. Kwa pesa ya matumizi haikuwa balaa. Ila ukitumiwa kodi ya bweni kwa SHA, bweni linaona kodi pungufu, na pungufu kwao ni deni lenye faini. Malipo yanayotakiwa kufika kamili, mwambie anayetuma aandike OUR.

Na kwa kuwa makato mengi ni ya kiwango kimoja bila kujali ukubwa wa fungu, kutumiwa kidogo kidogo kila wiki ni kulipa nauli ya basi lile kila wiki. Tukakubaliana na dada: mara mbili kwa muhula, basi. Huduma za kutuma kwa simu na mtandao mara nyingi ni nafuu kuliko benki, ila nazo zipimwe kwa jambo moja tu: nikitoa hiki hapa, kule kinafika nini? Tangazo la "hakuna ada" halijibu swali hilo, kwa sababu faida yao inaweza kuwa imejificha kwenye kiwango cha kubadilishia. Kuna kiwango cha katikati ambacho mabenki hutumia baina yao, unakiona ukitafuta mtandaoni, na kuna kile unachopewa wewe. Nafasi iliyo kati yao ni ada, hata kama ukutani wameandika sifuri. Mataifa yenyewe yamekiri kwamba nauli hii ni kubwa: Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka gharama ya wahamiaji kutuma fedha nyumbani ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Sisi tulikuwa tunatumiwa kwa kinyume chake, kutoka nyumbani kwenda ugenini, na sijaona aliyetuwekea lengo.

Nizungumzie skrini moja, maana imewala watu wengi kuliko wezi. Unaingiza kadi ya kwenu kwenye ATM ya ugenini. Unachagua kiasi. Mashine inasita, halafu inakuuliza kwa upole kama ungependa kukatwa kwa sarafu ya kwenu, na inakuonyesha hesabu yote, imepangwa vizuri, kiwango "kimehakikishwa". Kitufe cha kukubali ni kikubwa na cha kijani. Kitufe cha kukataa kimeandikwa kwa maneno yanayotisha, kana kwamba ukikibonyeza muamala utavunjika. Mara ya kwanza nilibonyeza cha kijani, kwa sababu kuona sarafu ninayoijua kulinipa faraja. Faraja ile nililipia. Ukikubali, kiwango kinapangwa na mwenye mashine, na yeye hajiwekei kibaya. Ukikataa, muamala haufi. Unakatwa kwa sarafu ya pale ulipo, na ubadilishaji unafanywa na mtandao wa kadi yako, kama Visa au Mastercard, pamoja na benki yako, ambao kwa kawaida ni nafuu. Mashine za malipo dukani nazo huuliza hivyohivyo, na muuzaji akiwa na haraka anaweza kukubonyezea yeye. Mwombe akugeuzie mashine.

Kiwango chenyewe nacho hutembea, na hapo huna la kufanya ila kujua fedha zako zimehesabiwa kwa sarafu gani. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kutetea kiwango cha chini cha faranga 1.20 kwa yuro moja. Mpaka jioni yuro moja ilikuwa inapata takriban faranga moja tu. Mwanafunzi aliyekuwa Zurich siku hiyo akiishi kwa posho ya yuro alikunywa chai ya asubuhi akiwa na kodi ya chumba, na mchana akakuta karibu moja ya sita ya kodi hiyo haipo, bila yeye kununua kitu. Ndiyo maana nikawa nabadilisha kodi ya miezi miwili mbele kila fungu linapoingia, nikaacha mengine yacheze. Sikuwa nafanya biashara ya fedha. Nilitaka tu nilale.

Kubadilisha kichwani ni jambo jingine kabisa. Wiki za mwanzo kila bei niliigeuza kuwa ya nyumbani, na kila bei ilinishtua. Inasaidia kwa muda, inakuzuia kuparamia vitu. Lakini viatu vyangu vilianza kuingiza maji, na kila nilipogeuza bei ya vipya niliona ni ufisadi, nikaviweka chini. Nikafanya hivyo mara tatu kwenye duka lilelile. Mara ya tatu muuzaji hata hakuinuka. Wiki ya tano nikaugua kifua. Nikaenda kwa daktari, nikidhani bima italipa, na bima ikanirudishia barua nzuri sana ikieleza kwamba gharama ile iko chini ya kiasi ninachotakiwa kujilipia mwenyewe kabla wao hawajaanza. Daktari na dawa vilizidi bei ya viatu. Tangu hapo nikaacha kugeuza bei kuwa za nyumbani, nikawa nagawa kwa fungu la wiki: je, kiatu hiki ni siku ngapi za wiki yangu? Jibu hilo lilikuwa na maana, kwa sababu lilikuwa la maisha niliyokuwa nayaishi.

Kile kiasi cha kujilipia kwanza kitafuteni kwenye mkataba wa bima kabla ya kutazama namba kubwa za juu. Marekani, kwa mfano, inamtaka mwanafunzi wa kubadilishana mwenye viza ya J-1 awe na bima ya angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, na hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi nene. Kanuni hizohizo zinaruhusu kiasi cha kujilipia mpaka dola 500 kwa kila tukio. Kwa mwanafunzi mwenye mafua, namba ya pili ndiyo yake. Meno na miwani mara nyingi hayamo kabisa, kwa hiyo jino linalokusumbua nusu mwaka ling'olewe kabla ya safari.

Kuhusu vibarua nitasema kidogo. Saa zina mipaka ya kisheria: Japani ni saa 28 kwa wiki na kibali maalumu, Uingereza kwa wengi wa shahada ni 20 wakati wa muhula, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 inazitaka nchi zinazoifuata zimruhusu mwanafunzi angalau saa 15. Kuvuka mpaka kunaweza kukugharimu viza, na hakuna mshahara wa kuosha vyombo unaolingana na hilo. Lakini hata ukifuata sheria, kumbuka kalenda: unatafuta mwezi wa kwanza, unaanza wa pili, unalipwa mwisho wa wa pili au katikati ya wa tatu. Kwenye muhula wa miezi mitano, kibarua si cha kukuokoa wiki ya nne. Mimi kilinisaidia, na kilinichosha, na sijui kama ningekirudia.

Kosa ambalo ningependa kulirudisha nyuma ni lingine. Nilipoona mambo yamebana, kitu cha kwanza kukata kilikuwa watu. Wenzangu wakitoka, nasema nina kazi ya darasa. Wakipika kwa pamoja, najifungia ili nisichangie. Nilijiona mtu wa nidhamu. Ila angalia nilivyopata vitu vyangu. Ile barua ya kuvunja duara ilitoka kwa jirani. Habari kwamba kuna tiketi ya muhula iliyo nafuu kuliko ya mwezi niliipata jikoni, usiku, nikiwa nimekuja kuchukua maji tu. Baiskeli niliyoiendesha miezi mitatu ilikuwa ya mtu aliyekuwa anaondoka, na aliyeniunganisha naye ni wale niliokuwa nawakwepa. Mwezi wa tatu nikaweka fungu dogo daftarini nikaliandika "watu". Sikuliruhusu liliwe na kitu kingine chochote, hata vitabu.

Na hapo kwenye baiskeli kuna ujanja ambao umenisikitisha kuujua mwishoni. Vitu bora vya mitumba huuzwa wiki wanafunzi wa zamani wanapoondoka. Wewe unafika wiki mbili baadaye, wakati sufuria, taa na mito yao imeshatupwa au imeshachukuliwa, na maduka yanajua kwamba wote mmekuja mikono mitupu. Omba kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la bweni kabla hujasafiri. Mtu anayefungasha mizigo atakuachia sufuria kwa jirani kwa bei ya kukaribia sifuri, kwa sababu hataki kuibeba. Mimi nilipoondoka niliacha yangu hivyo, pamoja na ile taa.

Kuondoka kwenyewe ni kalenda tena. Dhamana ya chumba hairudi siku unayokabidhi funguo. Inarudi baada ya ukaguzi, na bili za mwisho, na mtu fulani kupata nafasi. Siku nilipofika, msimamizi wa bweni alinipa karatasi ya hali ya chumba pamoja na funguo tatu: wa lango, wa mlango na mdogo wa sanduku la barua. Nilitaka kusaini tu nilale. Jirani yule aliniambia, kaka, piga picha kwanza. Nikapiga picha meza yenye mkwaruzo, zulia lenye doa karibu na dirisha, kitasa kilicholegea, nikaviandika vyote kwenye karatasi ndipo nikasaini. Miezi mitano baadaye mkaguzi aliinama kwenye doa lile, akanitazama. Nikamwonyesha simu. Akaandika kitu, akaendelea.

Jirani yule alinishauri pia nisifunge akaunti ya benki siku ya kuondoka kama wengi wanavyofanya, kwa sababu dhamana inarudishwa humohumo, na ikikuta akaunti imekufa inaanza safari ya basi la dada. Nikaiacha wazi, nikiwa na programu kwenye simu na uthibitisho usiotegemea laini.

Dhamana iliingia wiki ya kumi na moja, nikiwa nyumbani, nimeshaanza muhula mwingine. Haikuwa kamili. Nikafungua barua pepe nikiwa tayari kubishana, picha zangu zote ziko mezani. Hawakukata doa, hawakukata mkwaruzo. Mstari ulikuwa mmoja tu: ufunguo wa sanduku la barua, haukurejeshwa.

Niliukuta mfuko wa ndani wa koti, pamoja na sarafu nne na tiketi ya basi ya siku nane.